Nani Husikia Bweni Likifuka Moshi

Kigunduzi cha moshi kilichofungwa kwenye dari ya bweni kina kazi mbili, na wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuwaamsha waliolala chini yake. Ya pili ni kumpasha habari mtu ambaye hayumo ndani: mlinzi langoni, matroni, mwalimu wa zamu, wazima moto. Kazi ya kwanza haihitaji mtandao wowote. Inahitaji king'ora chenye sauti ya kuwatoa watoto usingizini na waya ulio mzima. Ya pili ndiyo inayofanywa na kadi ya mtandao, kile kibao kidogo kinachochomekwa ndani ya paneli ya moto ili paneli iweze kuzungumza na simu, kompyuta na vituo vya mbali. Miaka ya kufunga na kusanidi vifaa hivi imenifikisha kwenye msimamo ambao nataka kuutetea hapa, nikiwa na shule za bweni za Makindu na Ukambani nzima akilini. Kadi hiyo inafaa kufungwa, tena mapema, lakini faida yake kubwa haitokani na kupeleka habari ya moto. Inatokana na kuhakikisha kwamba mfumo ukinyamaza, yupo mtu anayejua kwa nini umenyamaza. Mfumo ambao ukimya wake unaweza kuwa amani na unaweza kuwa msiba, na hakuna awezaye kutofautisha, ni hatari kuliko dari tupu, kwa sababu dari tupu humfanya mlinzi azunguke na tochi.

Ushahidi wa kwanza uko karibu nasi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli katika Machakos, kwa majirani zetu, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Petroli ilikuwa imemwagwa, mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017, moto katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi, uliua wanafunzi 10. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, liliungua na kuwaua wavulana 21. Katikati ya misiba hiyo, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka mabweni yawe na milango inayofunguka kwa nje, isiyofungwa kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiyo na vyuma, vizima moto kwenye kila mlango wa kutokea, na ving'ora vya moto mahali panapofikika kwa urahisi. Ukiusoma mwongozo huo ukiwa na Kyanguli akilini, unaona kwamba kila kipengele kinamgusa mtu fulani mwenye uwezo wa kufungua, kuvunja au kuita, ambaye habari inaweza kumfikia imechelewa. Mwenye ufunguo kwa kawaida hayumo ndani ya moshi. Huwa mahali pengine ndani ya ua uleule, na umbali kati yake na kufuli huhesabika kwa hatua. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi anayefungua boksi la kadi ya mtandao si kadi hii itafika Nairobi kwa njia gani. Ni nani aliye ndani ya hatua mia mbili kutoka kwenye bweni hili saa nane za usiku, na ana nini mkononi.

Hapo naomba niondoe dhana moja. Anayesikia habari ya kadi ya mtandao katika kigunduzi cha moshi huwazia kila kigunduzi darini kikiwa na kadi yake. Vipo vigunduzi vya nyumbani vyenye waifai ndani, na kwa nyumba ya familia vinaweza kutosha. Katika shule au hospitali mpangilio huwa mwingine: vigunduzi huunganishwa kwa waya hadi kwenye paneli, na kadi hukaa kwenye paneli. Kigunduzi cha kawaida siku hizi hufanya kazi kwa mwanga. Ndani yake mna chumba kidogo cheusi chenye taa upande mmoja na kihisi upande mwingine, vimepangwa ili mwanga usikifikie kihisi. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, sehemu ya mwanga huo hugusa kihisi, na paneli hupata habari. Katika mifumo ya zamani paneli hujua kanda tu, yaani upande gani wa jengo. Katika mifumo ya anwani kila kigunduzi kina nambari yake, na paneli huweza kusema ni kitanda cha pembe ipi kilichoanza kufuka. Kiwango cha Ulaya cha paneli, EN 54-2, hutaka habari ya moto ionyeshwe ndani ya sekunde 10 tangu paneli ipokee ishara. Kwa hiyo kasi si tatizo la vifaa. Muda mwingi hupotea baada ya zile sekunde 10, katika safari ya habari kutoka kwenye kioo cha paneli, ambayo mara nyingi imefungiwa ofisini usiku, hadi kwenye sikio la binadamu.

Kufunga kadi yenyewe ni kazi fupi, na ufupi huo ndio unaoifanya idharauliwe. Kabla ya yote watu huambiwa kwamba mfumo utazimwa, na anateuliwa mtu wa kulinda bweni kwa macho wakati huo. Kisha stima ya volti 240 hukatwa, na betri nazo huchomolewa. Paneli ambayo betri zake bado zimeunganishwa haijazimwa, na kadi ikichomekwa humo inaweza kuungua palepale. Fundi hujiunganisha na ardhi kwa mkanda wa mkononi. Pwani, penye hewa ya unyevu, baadhi ya mafundi huliruka jambo hili bila kuona madhara. Makindu haifai kuliruka. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na kadiri hewa inavyokauka ndivyo umeme tuli unavyojikusanya mwilini. Mguso usiousikia hata kidoleni unaweza kuua kipande cha silikoni, au, jambo lililo baya zaidi, ukakijeruhi tu, kadi ikafanya kazi wiki tatu halafu ikaanza kusahau. Kadi hushikwa kwa kingo, huingizwa kwenye nafasi yake kwa kusukumwa sawasawa pande zote mbili, skrubu hukazwa, na zile swichi ndogo za pembeni hupangwa kutoa nambari ambayo kifaa kingine chochote katika mfumo hakiitumii. Tundu la kupitishia kebo huzibwa. Vumbi jekundu la ukanda huu halina ruhusa ya kuingia kwenye paneli, wala wadudu, ambao hupenda joto la vifaa vya umeme.

Halafu linakuja jambo ambalo nimeliona likiachwa mara nyingi kuliko mengine yote. Kadi ikishawekwa, paneli lazima iandikishwe kwamba kadi hiyo ipo. Paneli nyingi zitaipa kadi umeme, taa zake zitawaka, ujumbe wa majaribio utafika, na kila mtu atafurahi, ilhali kwenye kumbukumbu ya paneli kadi haimo katika orodha ya vifaa inavyovisimamia. Siku kadi itakapokufa, paneli haitakuwa na sababu ya kulalamika, kwa kuwa haikuwahi kuambiwa kwamba kuna kitu cha kukosa. Kebo nayo ina masharti yake. Kebo ya kawaida ya shaba ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100, na katika shule nyingi za vijijini umbali kutoka ofisini hadi bweni la mwisho unaupita huo. Mtu akilazimisha mita 140 mtandao unaweza kufanya kazi mchana wa majaribio na kukatikakatika baadaye. Kati ya jengo na jengo napendelea nyuzi za kioo, kwa ajili ya umbali na kwa ajili ya radi, kwa sababu kioo hakipitishi umeme, na shaba iliyovutwa juu ya uwanja wa mpira hualika mvua za Novemba zikaunguze vifaa vya pande zote mbili kwa pigo moja.

Kusanidi ndiko kunakostahili muda. Anwani ya kadi katika mtandao huwekwa ya kudumu, isigawiwe na rauta kwa bahati. Sababu yake inaeleweka na yeyote anayeishi nasi: stima ikikatika na kurudi, rauta huamka na kugawa anwani upya, kadi ikapata nyingine, na kompyuta ya ofisini ikaendelea kuisikiliza anwani ya zamani ambayo haina mtu. Baada ya hapo yanakuja majina. Ujumbe unaosema kanda 03 kifaa 017 ni sahihi kabisa na haumsaidii mlinzi aliyeamshwa na simu. Ujumbe unapaswa kusema moto, bweni la kidato cha kwanza, mlango wa upande wa barabara, kwa Kiswahili ambacho kila mtu langoni anakielewa, na maneno muhimu yatangulie, kwa sababu kioo cha simu ya bei nafuu huonyesha mistari michache. Kisha wapokeaji, na mpangilio wao. Wa kwanza ni aliye karibu na mlango. Asipojibu kwa kubonyeza kwamba amepokea, dakika moja baadaye habari inakwenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Mwalimu mkuu anayeishi mbali na shule hupenda kuwa wa kwanza katika orodha kwa sababu ya cheo chake, na naelewa heshima hiyo, ila moto hauendi kwa vyeo. Wazima moto wamo katika orodha pia. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na ni haki ya shule kuita. Lakini tufanye hesabu: gari lililo umbali wa kilomita 20, likienda kilomita 60 kwa saa, linafika baada ya dakika 20, na hapo hatujahesabu muda wa kuliwasha. Katika dakika hizo bweni lenye magodoro ya sponji linakuwa limekwisha kuamua nani anatoka.

Sasa nirudi kwenye ukimya. Makindu ni mji wa reli tangu mwisho wa karne ya 19. Hata hekalu la Masingasinga la mwaka 1926, linalowalisha wasafiri bure hadi leo, ni tunda la watu walioletwa na reli hiyo. Katika reli ya njia moja treni haiachiwi kwa sababu stesheni inayofuata imekaa kimya. Huachiwa kwa sababu stesheni hiyo imejibu kwamba njia ni nyeupe. Asiyejibu huhesabiwa kuwa na tatizo, na treni husubiri. Kadi ya mtandao inapaswa kusanidiwa kwa akili hiyohiyo. Kila baada ya muda uliokubaliwa kadi hutuma ishara fupi ya uhai, na upande wa pili kuna saa inayohesabu. Ishara isipofika kwa wakati, upande wa pili ndio unaopiga kelele. Tazama kwamba kelele hiyo haiwezi kutoka kwenye kadi, maana kadi iliyokufa haina mdomo. Lazima itoke kwa msikilizaji. Viwango vya kimataifa vimelitambua jambo hili. EN 54-2 hutaka hitilafu ionyeshwe kwenye paneli ndani ya sekunde 100. Kanuni ya Marekani, NFPA 72, mahali penye njia moja tu ya mawasiliano na kituo cha mbali, hutaka kukatika kwake kujulikane ndani ya dakika 60. Kwa bweni la watoto naona dakika 60 ni nyingi, na kwa kuwa ishara yenyewe ni baiti chache, sioni kinachomzuia fundi kuweka dakika mbili ndani ya ua na dakika kumi kwa njia ya simu.

Hitilafu ikishaonekana, nani anaishughulikia? Hapa ndipo mifumo mingi hufia. Paneli huwasha taa ya njano na kulia kwa sauti ndogo. Mtu hubonyeza kitufe cha kunyamazisha, sauti hukoma, taa hubaki. Baada ya mwezi taa ile imekuwa sehemu ya ukuta. Kadi ya mtandao inaweza kuvunja mazoea hayo kwa njia ambayo taa haiwezi: ujumbe wa hitilafu unakwenda kwa mwalimu wa zamu, unarudi kila asubuhi hadi hitilafu iondolewe, na siku ya tatu unapanda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Nimesema mwanzoni kwamba faida kubwa ya kadi haitokani na kupeleka habari ya moto, na hii ndiyo maana yake. Moto, Mungu atuepushe, shule inaweza isiuone kwa miaka ishirini. Hitilafu huja kila muhula, na mfumo unaotengenezwa kila muhula ndio utakaokuwa hai usiku ule mmoja.

Umeme na intaneti ndivyo vinavyoupima msimamo huu kwa ukali zaidi. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima. Mtu akiniambia kwamba matukio haya yanathibitisha kuwa kadi ya mtandao haitufai, namjibu kwamba yanathibitisha jinsi ya kuipanga. Ziko huduma ambazo paneli hutuma habari kwenye seva iliyo Ulaya au Marekani, na seva hiyo ndiyo humtafuta mlinzi kwa programu ya simu. Habari ya kwenda mita 80, kutoka bwenini hadi langoni, inavuka bahari mara mbili. Mpango kama huo unaweza kubaki kuwa njia ya ziada, kamwe usiwe ya kwanza. Njia ya kwanza ni waya wa moja kwa moja hadi king'ora na taa langoni, usiopita kwenye kadi wala rauta. Ya pili ni mtandao wa ndani ya ua, usiohitaji intaneti. Ya tatu ni ujumbe mfupi wa simu kupitia moduli yenye laini yake. Salio la laini hiyo liwe na msimamizi aliyeandikwa jina, kwa kuwa laini isiyo na salio ni kadi iliyokufa kwa jina lingine.

Kuhusu betri, watu huridhika mapema mno. Paneli ndogo huja na betri mbili za volti 12, ampea-saa 7, zilizoungwa mfululizo kutoa volti 24. Kadi inayokula miliampea 150 itameza ampea-saa 3.6 katika saa 24, zaidi ya nusu ya akiba yote, kabla paneli, vigunduzi na ving'ora havijapata chao. Anayeongeza kadi bila kuongeza betri amefupisha maisha ya mfumo mzima usiku wa giza. Joto nalo hupunguza: betri za risasi huchakaa upesi mara mbili kwa kila nyuzi 10 za ziada, na chumba chenye paa la mabati Makindu mwezi wa Februari kinazifikia nyuzi hizo bila shida. Kisha kuna rauta. Paneli ina betri, kadi inapata nguvu kwenye paneli, lakini rauta na swichi ya mtandao zimechomekwa kwenye soketi ya ukutani karibu na birika la chai. Stima ikienda, paneli hubaki hai ikizungumza na waya usio na mtu. Kifaa chochote ambacho habari hupitia lazima kiwe na akiba ya umeme sawa na ya paneli. La sivyo akiba ya mfumo ni ile ya kifaa dhaifu kuliko vyote.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la wazazi na walimu wanaosema: ondoeni vyuma madirishani kwanza, fungueni milango, punguzeni vitanda, ndipo mje na kadi zenu. Wana haki, na kama shule ina fedha za jambo moja tu, iwe milango. Kigunduzi kizuri kuliko vyote hakimsaidii mtoto aliyefungiwa. Ninalobishia ni wazo kwamba mlango ukishafunguliwa suala limekwisha. Kufuli hurudi. Hurudi kwa nia njema, kwa sababu ya wizi, kwa sababu ya wanafunzi wanaotoroka usiku, na hurudi jioni wakati hakuna mkaguzi. Paneli ina nafasi za kuingiza ishara nyingine zisizo za moshi. Swichi ndogo ikiwekwa penye tundu la komeo la mlango wa bweni, paneli itajua kwamba komeo limesukumwa kwa nje, na kadi itapeleka habari hiyo kwa mtu mwenye dhamana kama inavyopeleka hitilafu nyingine: mlango wa mashariki umefungwa, saa tatu na nusu usiku, wanafunzi wamo ndani. Mwongozo wa mwaka 2008 ni karatasi. Komeo lililounganishwa na kadi huufanya uwe jambo linaloonekana kila usiku, bila kumsubiri afisa kutoka mji wa Wote.

Wengine husema kwamba moto mwingi wa shule zetu huwashwa kwa makusudi, na anayewasha atang'oa kigunduzi kwanza. Mwaka 2016 pekee shule zaidi ya 100 zilichomwa nchini, kwa hiyo sidharau hoja hii. Lakini ina jibu la kiufundi lililo imara. Kigunduzi kikizungushwa na kutolewa kwenye kitako chake, mfumo uliofungwa vizuri huona: katika mfumo wa kanda mkondo hukatika, katika mfumo wa anwani nambari hukosekana. Kwa hiyo kung'oa kigunduzi kunatoa habari, na habari hiyo hutangulia moto. Mwalimu anayeambiwa saa nne usiku kwamba vigunduzi viwili vya bweni moja vimetoweka ana nafasi ya kwenda kuzungumza na wanafunzi wakati bado kuna cha kuzungumza. Nasema kuzungumza kwa kusudi. Mfumo huu haupaswi kugeuzwa kuwa wa kuwapeleleza vijana. Mahali walimu wanapousoma kama ushahidi wa kuwaadhibu, vigunduzi vitakuwa adui wa kwanza, na tutakuwa tumepoteza macho yetu kwa mikono yetu.

Kuhusu kengele za uongo sitakaa sana, kwa kuwa dawa zake zinajulikana. Vumbi, wadudu na dawa ya mbu ya kupuliza huingia kwenye chumba cha kigunduzi na kutawanya mwanga kama moshi. Jikoni penye kuni hufungwa kigunduzi cha joto badala ya cha moshi, vichwa husafishwa kila likizo, na anayetaka kupulizia bweni huzima kanda hiyo kwa muda unaojirudisha wenyewe, usiomtegemea mtu kukumbuka. Ninalokataa ni ile tiba ya mkato ya kuondoa laini ya simu kwenye moduli ili watu walale. Kengele ya uongo ni hitilafu, na hitilafu hutengenezwa.

Usalama wa mtandao wenyewe unadai maneno zaidi, maana kadi ni mlango mpya, na mlango wowote huweza kuingiliwa. Usiku wa tarehe 7 Aprili 2017, ving'ora vyote 156 vya dharura vya jiji la Dallas, Marekani, vililia bila dharura yoyote kwa zaidi ya saa moja kwa sababu mtu alivichokoza kwa ishara za redio. Mwaka uliotangulia, programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Itifaki zinazotumiwa sana na kadi za moto, kama Modbus, zilibuniwa zamani na hazimwulizi anayeuliza wewe ni nani. Kwa hiyo kadi haiwekwi kwenye waifai ileile ya chumba cha kompyuta cha wanafunzi. Hupewa mtandao wake. Nenosiri la kiwandani hubadilishwa kabla kebo haijachomekwa. Na lililo muhimu zaidi, kadi husanidiwa kusema bila kuamriwa: inapeleka habari nje, lakini haikubali amri ya kunyamazisha, kuzima kanda au kurudisha paneli kwenye hali ya kawaida kutoka mbali. Kunyamazisha kunafanywa na mtu aliyesimama mbele ya paneli, karibu na moshi, anayeweza kuunusa. Baadhi ya wateja huona ni usumbufu, hasa wanaomiliki shule zaidi ya moja na wangependa kudhibiti yote kwa simu. Sijawahi kusikia sababu ya kutosha ya kumruhusu mtu aliye Nairobi kuzima king'ora cha bweni asiloliona.

Majaribio ndiyo yanayoonyesha kama haya yote yamefanyika au yameandikwa tu. Jaribio la kawaida ni kupulizia kigunduzi moshi wa mkebe na kuona king'ora kinalia, na ni jaribio la lazima. Lakini halijibu swali la makala haya. Jaribio ninaloliomba kila shule ifanye, mchana na tena usiku, ni la kuchomoa: chomoa kebo ya kadi, usimwambie mtu, ushike saa. Zima soketi ya rauta. Toa laini kwenye moduli. Fungua kichwa kimoja cha kigunduzi katika bweni la mbali. Baada ya kila kitendo hesabu dakika hadi mtu mwenye ufunguo atokee akiuliza kuna nini. Akija ndani ya muda mliokubaliana, mfumo uko hai. Asipokuja, haijalishi paneli ilinunuliwa kwa bei gani, wala cheti gani kimetundikwa ofisini. Matokeo huandikwa kwenye daftari linalokaa kando ya paneli, pamoja na jina la aliyechomoa na la aliyekuja.

Jaribio hilo hufanyika wiki ya kwanza ya kila muhula, kwa sababu vifaa havibadiliki upesi kama watu. Tume ya walimu huhamisha, matroni hustaafu, mlinzi hubadilisha laini ya simu, na mwalimu aliyekuwa wa kwanza katika orodha anajikuta Turkana akipokea saa nane za usiku habari za bweni la Makindu ambalo hawezi kulifikia, wakati mrithi wake amelala mita 50 kutoka mlangoni na simu yake haijaingizwa kwenye mfumo. Katika shule ninazozihudumia, fomu ya makabidhiano ina mistari miwili iliyofuatana: ufunguo wa bweni, na nambari ya simu kwenye paneli. Anayepokea mmoja huandikishwa kwenye mwingine siku hiyohiyo, kabla aliyeondoka hajapanda basi.